Chungu, Jina na Kitako: Magdalene Odundo na Urithi wa Ufinyanzi wa Asia ya Mashariki

Wahakiki walioandika juu ya kazi za Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanyia sehemu kubwa ya kazi zake Uingereza, wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza humtazama kama mwana wa Afrika aliyekwenda ugenini na ustadi wa bibi zake mikononi. Kundi la pili humweka katika ukoo wa shule ya ufinyanzi iliyoanzishwa na Mwingereza Bernard Leach, shule iliyochota misingi yake Japani, Korea na China. Kila kundi lina ushahidi wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yanaelekeza macho mahali pasipo penyewe. Yanaitafuta, au yanaikana, athari ya Asia ya Mashariki katika umbo na rangi ya chungu, ilhali athari hiyo imo zaidi katika namna ya kukipima chungu, na hasa katika swali la nani anayestahili kuhesabiwa kuwa mwenye chungu. Swali hilo si la London peke yake. Katika milima inayoizunguka Katana, kaskazini mwa Bukavu, vyungu vimefinyangwa kwa karne nyingi na watu ambao hakuna aliyewauliza majina yao.

Kwanza ni lazima njia yenyewe ielezwe, maana haikunyooka. Bernard Leach alizaliwa Hong Kong mwaka 1887. Mwaka 1909 alikwenda Japani akiwa msanii wa picha za kuchapa, na huko akageuka mwanafunzi wa ufinyanzi chini ya mwalimu aliyerithi jina la Kenzan, mojawapo ya majina makubwa ya sanaa hiyo. Alifanya urafiki na mwanafikra Yanagi Soetsu na mfinyanzi Hamada Shoji. Mwaka 1920 alirudi Uingereza pamoja na Hamada, wakaanzisha karakana katika mji wa St Ives, huko Cornwall, ambako baadaye lilijengwa tanuri la vyumba vilivyopandana kwa kufuata mteremko, kama matanuri ya Japani. Kitabu chake cha mwaka 1940, *A Potter's Book*, kilikuwa mwongozo wa kizazi kizima cha wafinyanzi wa Kiingereza. Humo kipimo cha ubora kimewekwa waziwazi: ni vyombo vya enzi ya Sung ya China (960–1279), vilivyochomwa kwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,200 za sentigredi na kuvikwa utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo ndani ya tanuri. Kwa kipimo hicho, chungu kilichochomwa kwa kuni uwanjani, kwa moto ambao aghalabu haufiki nyuzi 900, kikatoka na udongo wake mtupu bila utando, hakikuwa na nafasi kubwa ya kusimama.

Pamoja na kipimo hicho ilikuja falsafa. Mwaka 1925 Yanagi, Hamada na Kawai Kanjiro waliunda neno *mingei*, yaani sanaa ya watu wa kawaida. Walishikilia kwamba uzuri wa kweli hutoka kwa fundi asiyejulikana, anayetengeneza chombo cha matumizi ya kila siku, kwa wingi, kwa bei nafuu, bila ya kujitafutia sifa. Mfano uliopendwa sana na Yanagi ni bakuli la chai liitwalo Kizaemon, linalohifadhiwa katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto. Hilo lilikuwa bakuli la kawaida la wakulima wa Korea. Lilivuka bahari hadi Japani, mabingwa wa chai wakaliona, wakalitukuza, na leo limeorodheshwa miongoni mwa hazina za taifa la Japani. Yanagi aliliona mwaka 1931 na kulisifu kwa sababu ya unyenyekevu wake: aliyelifanya, alisema kwa maana, hakujua kwamba anafanya kitu kizuri.

Hapa msomaji hana budi kutua kidogo. Kizaemon si jina la mfinyanzi. Ni jina la mfanyabiashara wa Osaka, Takeda Kizaemon, aliyepata kulimiliki bakuli hilo. Kwa hiyo chombo kinachotajwa kuwa ushahidi mkuu wa utukufu wa fundi asiye na jina kinalo jina, nalo ni la tajiri wake. Tena chombo hicho ni cha Korea, nchi ambayo Japani iliitawala kati ya mwaka 1910 na mwaka 1945, na sifa zinazomiminiwa ni za Mjapani. Wahakiki wa Korea wa vizazi vya baadaye hawakukosa kuliona jambo hilo. Wamemlaumu Yanagi, pamoja na mapenzi yake ya dhati kwa sanaa ya Korea, kwa kuigeuza huzuni na unyonge wa watu waliotawaliwa kuwa aina ya uzuri. Kuhusu Hamada nako kuna la kusema. Baada ya kurudi kwake Japani aliacha kutia sahihi vyombo vyake. Lakini vyombo hivyo viliuzwa ndani ya masanduku ya mbao, na juu ya masanduku hayo aliandika jina lake kwa wino. Kutokuwa na jina, basi, ilikuwa fadhila ya mtu ambaye jina lake lilikwisha kujulikana.

Falsafa hiyo yote, pamoja na utando wa kioo na gurudumu la mfinyanzi, iliingia Afrika kwa mkono wa Michael Cardew. Cardew alijiunga na Leach huko St Ives mwaka 1923. Mwaka 1942 alikwenda Achimota, katika Ghana ya leo, na tangu mwaka 1951 akawa Nigeria, ambako aliasisi kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini Abuja. (Mji huo leo unaitwa Suleja, jina la Abuja limepewa makao makuu mapya ya nchi.) Serikali ya kikoloni ilimwajiri ili aiendeleze kazi ya ufinyanzi, na kuendeleza, kwa maana ya wakati ule, kulikuwa ni kuleta gurudumu, tanuri la moto mkali na utando wa kioo. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanaume. Jambo hilo si dogo, maana katika nchi ya Wagwari waliouzunguka mji huo ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake.

Mwaka 1954 aliingia kituoni Ladi Kwali, mfinyanzi mwenye sifa kubwa tayari katika nchi yake, na mwanamke wa kwanza kupokelewa hapo. Hakuhitaji kufundishwa kufinyanga. Wanawake wa Kigwari huinua mtungi kwa kamba za udongo zilizopandanishwa, na kazi inapoendelea ni mfinyanzi anayezunguka chungu, si chungu kinachozunguka mbele ya mfinyanzi. Ladi Kwali aliendelea na njia hiyo, akachora wanyama wake, mijusi na kenge na ndege, kwenye mabega ya mtungi kama alivyozoea. Kilichobadilika ni mwisho wa kazi: mtungi ulivikwa utando wa kijani-kijivu wa asili ya China, ukaingizwa katika tanuri la moto mkali. Vyombo hivyo vilionyeshwa London, katika Berkeley Galleries, tangu mwaka 1958, vikashangiliwa sana. Baadaye Nigeria ilimweka Ladi Kwali kwenye noti yake ya naira 20.

Ni vyombo vizuri, na hakuna sababu ya kukana uzuri wao. Lakini mhakiki anatakiwa aulize utando umefanya nini. Mtungi wa maji wa Kigwari, kama mtungi wa Pemba au wa Kivu, hupoza maji kwa sababu udongo wake una vinyweleo. Maji hupenya polepole hadi nje ya ngozi ya mtungi, huko hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Utando wa kioo huziba vinyweleo. Mtungi wa Ladi Kwali uliovikwa vazi la Kichina haupozi tena maji. Umeacha kuwa mtungi na kuwa picha ya mtungi. Watu waliohubiri kwamba uzuri umo katika matumizi ndio walioyaondoa matumizi. Huu ni mkanganyo ambao shule ya Leach haikuwahi kuutatua barani Afrika.

Odundo alifika Abuja katika miaka ya 1974 na 1975, wakati Cardew alikwisha kuondoka. Alikuwa amesomea michoro ya kibiashara Kabete, akaenda Cambridge mwaka 1971, na akawa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Farnham, kusini mwa London. Ni Cardew mwenyewe aliyemhimiza aende Nigeria. Hivyo Mkenya aliyetoka Uingereza alitumwa Afrika na Mwingereza aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa Japani. Huko alikuta mambo mawili chini ya paa moja: karakana yenye magurudumu na matanuri ya moto mkali, na wanawake, akiwamo Ladi Kwali, ambao mikono yao haikuhitaji gurudumu. Aliwachagua wanawake. Yote yaliyofuata katika maisha yake ya sanaa yanaweza kusomwa kama maelezo ya uchaguzi huo.

Inafaa njia yake ya kazi ielezwe kwa ukamilifu, kwa kuwa hoja imo humo. Odundo hafinyangi kwa gurudumu. Huanza na bonge la udongo analolivuta juu kwa mikono, huongeza kamba za udongo, hukwangua kuta kwa kipande cha kibuyu hadi ziwe nyembamba. Chombo kikikauka kiasi, hupakwa uji wa udongo uliochujwa hadi kuwa laini kabisa, kisha husuguliwa kwa mawe na vijiko mpaka kinang'aa. Mng'ao huo hautokani na kioo bali na chembe za udongo wenyewe zilizolazwa kwa kusuguliwa. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hutoa rangi ya chungwa iliyoiva. Akitaka cheusi, chombo hicho huchomwa tena kikiwa kimefungiwa ndani ya kingine pamoja na vipande vya kuni. Hewa hukosekana, moshi huingia katika udongo. Baadhi ya vyombo hurudi tanurini mara kadhaa, na mahali fulani weusi na rangi ya chungwa hukutana kwa namna ambayo mfinyanzi ameiandaa lakini hakuiamrisha.

Katika maelezo hayo hakuna gurudumu, hakuna utando wa kioo, hakuna moto wa nyuzi 1,250. Yote matatu yaliyokuwa fahari ya St Ives yamewekwa kando. Je, kundi la kwanza la wahakiki limeshinda? La. Wafinyanzi wa Abuja walifinyanga ili watu wateke maji. Odundo hufinyanga ili chombo kitazamwe kuanzia mdomoni hadi kitakoni kama kitu kimoja kilichokamilika, ambacho kila sehemu yake inawajibika kwa sehemu nyingine. Ufinyanzi ulikwisha kupewa heshima hiyo katika Asia ya Mashariki, ambako bakuli moja liliweza kuhifadhiwa karne nyingi, likapewa jina, likaandikiwa historia yake. Uingereza ya karne ya 20 ilijifunza heshima hiyo kutoka huko, na vyuo vya sanaa vikaifundisha. Alipoingia Farnham, na baadaye Royal College of Art mjini London (1979–1982), Odundo aliingia katika nyumba ambayo tayari ilikubali kwamba chungu ni jambo la kufikiriwa. Mlango ulifunguliwa na Leach na Hamada. Samani zilizokuwa ndani hakuzitaka.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki; lina mfano wa kale katika Pwani. Vyombo vya China vilifika katika miji ya Waswahili kwa mamia ya miaka. James Kirkman alivichimbua kwa wingi Gedi kati ya mwaka 1948 na mwaka 1958; vimeonekana Kilwa; mabakuli yalipachikwa katika makaburi ya minara, kama lile la Mambrui. Katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka zilichongwa ukutani ili sahani na mabakuli hayo yawekwe mahali pa kuonekana. Hata hivyo wafinyanzi wa Pwani hawakuacha njia yao. Chungu cha kupikia na mtungi wa maji viliendelea kufinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto mdogo, katika nyumba zilezile zilizokuwa na kauri ya Kichina ukutani. Waswahili walichukua kutoka China kitu cha kutazama na mahali pa kukiweka, hawakuchukua namna ya kufinyanga. Odundo, bila ya kulazimika kuwa Mswahili, amefanya jambo la jamaa na hilo: amekitoa chungu cha mkono jikoni na kukiweka katika kidaka.

Lugha nayo ina ushahidi wake, na ni ajabu kwamba hautumiwi. Karibu kila aliyeandika kwa Kiingereza juu ya Odundo amegundua kwamba vyombo vyake vinafanana na mwili wa mwanamke. Hutajwa shingo ndefu iliyoinama, tumbo lililojaa, vinundu vidogo mfano wa chuchu au wa pingili za uti wa mgongo. Hutajwa pia, na hili lina maana zaidi kwa wasomaji wa Kongo, mdomo uliotanuka kama nywele za wanawake wa Kimangbetu zilivyosukwa kutoka nyuma ya kichwa, ambazo zimeigwa katika vyungu vya Uele vinavyohifadhiwa leo katika makumbusho ya Ulaya. Ulinganisho wa mwisho ni wa kweli. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili ugunduzi wa kwanza si ugunduzi. Chungu kina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako kabla ya msanii yeyote kukigusa. Mwili umo katika msamiati. Suala la kuuliza si kama chungu ni mwili bali ni mwili uliosimama namna gani. Chungu cha Odundo huegemea. Mdomo hauko juu ya kitako moja kwa moja. Kimekwenda kidogo upande, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Kuna neno jingine lenye uzito zaidi. Wanaisimu hulirejesha tendo la kufinyanga kwenye mzizi wa Kibantu cha kale *-bumb-*. Katika Kinyarwanda mzizi huo haukubadilika: *kubumba* ni kufinyanga, *umubumbyi* ni mfinyanzi. Katika Kiganda vivyo hivyo, *okubumba*. Katika Kiswahili konsonanti *b* imedondoka, tukapata *kuumba*, na neno lenyewe limepanda daraja. Muumba ni Mungu. Kwa kazi ya udongo wengi husema *kufinyanga*. Katika lugha za Maziwa Makuu, hata hivyo, tendo la Muumba lilibaki kuwa tendo la mtu aliyechuchumaa mbele ya bonge la tope, na mtu huyo, kuzunguka Ziwa Kivu, amekuwa aghalabu Mtwa. Wale waliodharauliwa kuliko wote ndio walioachiwa neno lililo kubwa kuliko yote. Mjadala wa Ulaya juu ya kama Odundo ni mfinyanzi au ni mchongaji hauna nguvu ukitazamwa kutoka hapa. Mchongaji hupunguza, mfinyanzi huongeza. Wote wawili wanaweza kuumba.

Mlinganisho unaofanywa mara kwa mara kati ya vyombo vya Odundo na mitungi ya mwezi ya Korea unastahili kuchunguzwa, maana ni hapo athari ya Asia ya Mashariki hudaiwa kuonekana kwa macho. Mitungi hiyo, ya kauri nyeupe, ilitengenezwa katika karne ya 17 na ya 18, wakati wa utawala wa Joseon. Ilikuwa mikubwa mno kufinyangwa kwa mara moja, kwa hiyo mabakuli mawili yaliunganishwa mdomo kwa mdomo, na katika moto kiungo kiliweza kulegea, mtungi ukatoka na duara lisilo kamili. Kutokamilika huko ndiko kulikopendwa. Leach aliununua mmoja huko Korea mwaka 1935, na leo uko katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, jengo lilelile lenye kazi ya Odundo. Kufanana kupo, lakini ni kwa juu juu. Upande wa mtungi wa Korea ulitokana na uzito na moto, kisha jicho likaukubali. Upande wa chungu cha Odundo huamuliwa kabla, huchorwa katika karatasi, hukwanguliwa kwa siku nyingi hadi upatikane. Mtungi wa mwezi umeinama kwa sababu haukuweza kunyooka; wa Odundo umeinama kwa sababu umekataa. Ukitafutwa udugu wa kweli na Asia, utapatikana katika moto wa pili, pale ambapo mfinyanzi anakubali kwamba alama ya moshi ni sehemu ya usemi wake. Hata hapo ni lazima ikumbukwe kwamba alama hizo zilikuwa pia kwenye mitungi ya Wagwari, na kwenye vyungu vyeusi vya San Ildefonso, New Mexico, ambavyo Odundo alikwenda kuvitazama katika nchi yake vilikotoka.

Sifa zisizuie lawama. Ukamilifu wa vyombo vyake, hasa vile vyeusi vya baadaye, una gharama. Msuguo umefuta kila alama ya kidole. Mtungi wa Kigwari unaonyesha mahali mkono ulipopita; bakuli la Kizaemon lina michirizi ya kidole cha mkulima; chungu cha Odundo hakikiri kwamba kilipata kuwa tope. Vilevile, vinyweleo alivyovilinda kwa kukataa utando havina kazi tena, kwa kuwa hakuna maji yanayotiwa humo. Mtu anaweza kusema kwamba alimaliza kwa mng'ao kile ambacho Cardew alikianza kwa kioo, yaani kumwondoa mtekaji maji. Lawama hii ni nzito kuliko ile ya wanaosema ametoka nje ya mila, na haiwezi kujibiwa kwa kutaja heshima alizopewa: uprofesa huko Farnham mwaka 2001, ukuu wa chuo kikuu hichohicho cha sanaa mwaka 2018, nishani ya juu ya Uingereza mwaka 2020. Jibu, kama lipo, ni kwamba Odundo hakujidai kufanya chombo cha matumizi. Hakukihubiri kijiji kutoka katika ukumbi wa maonyesho. Uaminifu huo ni bora kuliko mahubiri ya *mingei*.

Tena alitia jina. Jambo hili, ambalo wahakiki hulipita haraka, pengine ndilo jibu lake kali zaidi kwa walimu wa walimu wake. Falsafa ya fundi asiye na jina ilikuwa tamu kwa Leach, ambaye jina lake lilikuwa kwenye majalada ya vitabu. Kwa mfinyanzi wa Afrika haikuwa na utamu wowote. Makumbusho ya Ulaya yalikwisha kuijaza falsafa hiyo kwa vitendo: chungu kutoka Kongo kiliandikiwa kabila, wilaya, mwaka wa kuchukuliwa na jina la Mzungu aliyekichukua. Ni Kizaemon tena. Hapo Katana na vijiji jirani, wafinyanzi wa Kitwa walikuwa na unyenyekevu wote ambao Yanagi aliutaka: vyombo vya matumizi, kwa wingi, kwa bei ndogo mno, bila sifa. Matokeo yake hayakuwa hazina ya taifa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Watwa waliondolewa msituni, na katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliona kwamba haki zao zilivunjwa. Wakati huohuo ndoo na madumu ya plastiki yaliingia sokoni. Asiye na jina hupotea kwa urahisi, na hakuna wa kuulizwa alikwenda wapi.

Linabaki jambo la kitako. Katika Japani, mjuzi wa chai akishapokea bakuli na kunywa, huligeuza kwa uangalifu atazame chini, kwenye duara dogo lililoachwa bila utando, liitwalo *kodai*. Hapo udongo huonekana ulivyo, na hapo hupimwa mkono wa mfinyanzi. Duara hilo limefanywa kwa ajili ya mkeka, meza na rafu. Chungu cha Maziwa Makuu kina kitako cha mviringo, kwa sababu hukaa juu ya mafiga matatu, au juu ya ngata kichwani. Wafinyanzi wa kale wanaojulikana katika ukanda huu, wale wa mila ya Urewe, iliyopewa jina la kijiji cha magharibi mwa Kenya ambako vigae vyake vilichunguzwa na kutangazwa mwaka 1948, walikuwa na desturi ya kubonyeza kitako cha chungu kwa kidole kabla ya kukichoma, wakaacha kishimo. Vigae vya namna hiyohiyo vilielezwa na Jean Hiernaux na Emma Maquet kutoka Kivu, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi ya kishimo hicho haijaelezwa ikaridhisha. Hakishiki maji, hakiongezi nguvu, na chungu kikiwa juu ya mafiga hakionekani na mtu yeyote. Lakini mkono mmoja ulibonyeza huko Siaya, na mwingine huku Kivu.

Vyombo vya Odundo vina kitako chembamba cha mviringo, kidogo mno kwa tumbo lililo juu yake. Si cha mafiga, wala si duara la kusimamia mezani. Husimama kwa mizani tu. Chini yake, kwa ncha kali, amechora jina lake la ukoo na mwaka, mahali ambapo mtazamaji wa makumbusho haruhusiwi kupageuza.